Hospitali ya Mizigo: Tiba ya Vita katika Njia ya Misafara ya Tabora

Hospitali ya kijeshi ya kuhamishika, yaani hospitali ambayo mahema, vitanda, dawa na vyombo vyake vya upasuaji hufungashwa na kuhama pamoja na jeshi linalopigana, kwa kawaida husifiwa kwa wingi wa vitanda vyake na kwa ujuzi wa madaktari wake. Katika njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo na kupita Mpwapwa, Ugogo na Tabora hadi Ujiji, sifa hizo zilikuja nyuma sana, kwa sababu hakuna kitanda wala chupa ya dawa iliyofika mahali pasipo mtu wa kuichukua, na uzito ambao mtu mmoja aliweza kuuchukua siku baada ya siku ndio ulioamua ni tiba gani iwezekane na ipi ishindikane. Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyofika Tabora mwaka 1916, viliidhihirisha hali hiyo kwa ukali ambao vitabu vingi vya vita hivyo huutaja kwa sentensi moja na kuupita.

Msafiri anayekwenda Tabora kwa treni ya reli ya kati huvuka kwa muda wa siku moja hivi nchi ambayo Richard Burton na John Speke waliivuka kwa zaidi ya miezi minne mwaka 1857, kwani waliondoka pwani mwezi Juni na kuingia Kaze, mtaa wa wafanyabiashara Waarabu uliokuja kumezwa na Tabora, tarehe 7 Novemba. Baada ya Saranda reli hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na kuanzia Manyoni na Itigi hadi karibu na Tura hupita katika pori ambalo wasafiri wa zamani waliliita Mgunda Mkali, ambako kwa mwendo wa siku nyingi hapakuwa na kijiji cha kununua chakula wala maji ya uhakika. Kutoka Tura nchi hufunguka kidogo, miombo huachiana, mashamba huonekana, na Unyamwezi huanza. Wajerumani waliifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita, kwa hiyo kizazi kilichopigana mwaka 1916 kilikuwa na reli mpya kabisa chini ya miguu yake na bado kikalazimika kusafirisha karibu kila kitu kama kilivyosafirishwa zama za Burton.

Sababu ya kwanza ilikuwa mbung'o. Mdudu huyo hueneza nagana, ugonjwa wa wanyama unaosababishwa na vimelea vya damu, na katika mapori ya magharibi na ya kusini uliua farasi, nyumbu, punda na ng'ombe kwa maelfu, hata majeshi yaliyoleta wanyama wa kukokota magari yakajikuta yanaburuta magari yenyewe. Sababu ya pili ni kwamba reli hutumikia mstari mmoja tu, ilhali vita hivi vilipiganwa mbali na mstari huo, na jeshi linalorudi nyuma halikosi kubomoa madaraja linayoyaacha. Palipokosekana mnyama na gari alibaki mpagazi, yaani mchukuzi wa mizigo, ambaye kwa desturi ya misafara alibeba takriban frasila mbili, kiasi cha kilo 32, kichwani au begani, na ambaye majeshi ya 1916 yalimpangia mzigo wa kilo 25 hadi 30. Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kuifanya kazi hiyo kuwa ya staha na ya kipato katika karne ya 19. Vita viliifanya kuwa ya shuruti.

Kilometa chache kusini-magharibi ya Tabora kuna Kwihara, na huko limejengwa upya tembe, nyumba ya kuta nene za udongo na paa la bapa, ambamo David Livingstone alikaa baada ya Henry Morton Stanley kumwacha mwezi Machi 1872, akiwasubiri wapagazi kutoka pwani hadi alipoondoka tarehe 25 Agosti mwaka huohuo. Wageni wanaofika hapo huonyeshwa habari za kukutana kwa Wazungu wawili na habari za biashara ya watumwa, na haki yao waonyeshwe, lakini kwa mwanafunzi wa tiba ya vita jambo la maana zaidi katika maisha ya Livingstone ni sanduku lake la dawa. Mwanzoni mwa mwaka 1867 watoro wa msafara wake waliondoka nalo, na kwa kuwa dawa zote zilikuwa zimefungwa katika mzigo mmoja, kupotea kwa mzigo huo kulimwacha daktari bila kwinini, ile dawa ya homa ya malaria itokanayo na magome ya mti wa sinkona. Kanuni ambayo majeshi yaliizingatia baadaye, ya kutawanya kila aina ya dawa katika mizigo mingi ili mpagazi mmoja akizama mtoni au akitoroka hospitali isife, ilikuwa na chanzo kizuri katika msiba huo, ingawa hapana ushahidi kwamba maofisa wa 1916 walimkumbuka Livingstone walipokuwa wakifunga masanduku yao. Mwaka 1873 alipita Tabora pia William Dillon, daktari wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa katika msafara wa Verney Lovett Cameron. Homa ilimdhoofisha macho na akili, na alikufa njiani mwezi Novemba akiwa anarudi pwani pamoja na maiti ya Livingstone.

Kilichobadilika kati ya zama hizo na 1916 ni umbo la dawa kuliko dawa zenyewe. Livingstone na wenzake walichukua unga na maji ya dawa katika chupa, yaani walilipia ubebaji wa kioo na wa maji. Kampuni ya Burroughs Wellcome, iliyoanzishwa London mwaka 1880, ilijipatia jina kwa kugandamiza dawa kuwa vidonge vikavu vyenye kipimo maalumu na kuvipanga katika masanduku ya safari, na Stanley alichukua masanduku tisa ya aina hiyo katika msafara wake wa 1887 hadi 1889 wa kumtafuta Emin Pasha. Kidonge kilimwezesha mtu asiye daktari kutoa dozi bila mizani, na kilipunguza uzito. Vitu vingine havikukubali kugandamizwa. Dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi ilibaki kuwa maji ndani ya chupa, na hapo joto la nchi lilichagua kwa niaba ya madaktari: etha huchemka kwenye nyuzijoto 35 hivi, kwa hiyo hupotea hewani katika hema la mchana wa Septemba, ilhali klorofomu huchemka kwenye nyuzijoto 61, na kwa sababu hiyo ilipendelewa katika nchi za joto ijapokuwa ilikuwa hatari zaidi kwa moyo wa mgonjwa.

Hesabu ya mizigo inafaa kufanywa kwa utaratibu, kwa sababu ndani yake mna jibu la maswali mengi ya vita hivyo. Tuseme hospitali ndogo, yenye mahema machache, meza ya kukunja ya upasuaji, sufuria za kuchemshia vyombo, bendeji, madawa, taa na mafuta yake, imegawanywa katika mizigo 100 ya kilo 25, na kila mpagazi anakula kilo moja ya nafaka kwa siku. Kwa mwendo wa siku 10 katika nchi isiyo na chakula cha kununua, wapagazi 100 hawatoshi, kwani chakula chao nacho kinataka wachukuzi, na wachukuzi wa chakula nao wanakula. Hesabu inatulia kwenye watu 167 hivi. Kwa mwendo wa siku 20 haiwi mara mbili ya hapo, bali hufika watu 500, na siku ya 25 haina jibu kabisa, kwa kuwa kila mtu atakuwa amekula uzito wote anaoweza kuuchukua. Ndiyo sababu hospitali hizi ziliweza kwenda mbali pale tu vijiji vilipokuwa na akiba ya kuuzwa au kuporwa, na kwa bahati mbaya mara nyingi ilikuwa ni kuporwa. Huko Ugogo, ambako treni ya leo husimama Dodoma, majeshi ya pande zote yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba, na ukame ulipofuata ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo huikumbuka kwa jina la Mtunya. Anayeandika habari za vifaa vya tiba bila kuandika habari za Mtunya huwa ameandika nusu ya hesabu.

Mahali pa kusimamisha hospitali palikuwa tatizo jingine, na hapa njia ya misafara yenyewe ilikuwa adui. Kambi za zamani, zenye vibanda, majivu ya moto na kivuli cha miembe, zilivutia kila jeshi lililochoka, lakini sakafu zake za udongo zilikaliwa na papasi, aina ya kupe laini wanaotoka usiku kunyonya damu ya waliolala na kuwaambukiza homa ya papasi, ambayo humshika mtu kwa siku kadhaa, ikamwachia, kisha ikamrudia. Robert Koch, aliyeichunguza homa hiyo katika koloni la Wajerumani mwaka 1905, aliwakuta papasi wenye vimelea katika mapumziko ya kandokando ya njia za misafara. Mwaka huohuo Joseph Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyohiyo upande wa Kongo, aliugua na kufia Kasongo. Kwa ujuzi huo daktari wa 1916 aliyekuwa mwangalifu aliikwepa kambi nzuri na kupiga hema zake porini, na vitanda vya kuwainua wagonjwa kutoka ardhini vikawa kifaa cha tiba kama kilivyo kisu cha upasuaji. Funza nao, ambao waliingia Afrika kupitia pwani ya Angola miaka ya 1870 na kusafiri kwa nyayo za misafara hadi Zanzibar kabla karne haijaisha, waliwalemaza wapagazi kwa maelfu. Dawa yake ilikuwa pini, mkono mwepesi na mtu mwenye subira, vitu vitatu visivyo na uzito wowote, na hata hivyo havikutolewa vya kutosha.

Upande wa Wajerumani ulizingirwa na manowari za Uingereza, na ukosefu wa bidhaa za nje uliifanya koloni nzima kuwa karakana. Tabora palifuliwa sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Katika tiba, taasisi ya utafiti wa mimea ya Amani, iliyoanzishwa Usambara mwaka 1902, ilitengeneza kwinini kutokana na mashamba yake ya sinkona, na vitambaa vya kufungia vidonda vilipatikana kwa pamba ya nchini na kwa magome ya miti yaliyopondwa kwa ufundi wa wenyeji, kisha yakachemshwa. Usambara ulipotekwa na kwinini ya vidonge kupungua, magome yalichemshwa porini na askari wakanyweshwa maji yake machungu mno, ambayo waliyabatiza kwa mzaha jina la pombe ya kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck. Kulikuwa pia na madaktari wengi kuliko ambavyo koloni la ukubwa huo lingetarajiwa kuwa nao, kwani baadhi yao walikuwa wamekuja kupambana na malale kwenye maziwa makuu.

Msaada kutoka Ulaya ulikuja mara chache. Mwezi Machi 1916 meli iitwayo Marie ilipenya hadi ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, ikiwa na mizinga, risasi na vifaa vya tiba, na mzigo wake wote ukasambazwa kwa wapagazi. Jaribio la ajabu zaidi lilikuwa la Novemba 1917, pale chombo cha angani cha gesi kiitwacho L59 kilipoondoka Jamboli, nchini Bulgaria, kikiwa na tani 15 hivi za mizigo, zikiwemo bendeji na dawa, na kikiwa kimesanifiwa kisirudi tena: kitambaa chake kingekatwa kuwa mahema na bendeji mara kitakapotua. Kiliamriwa kugeuka kikiwa kimefika Sudan, kikarejea baada ya kukaa angani saa 95. Wahandisi waliofikiria kumvua mnyama huyo ngozi ili kuwafunga majeruhi vidonda wanastahili kusifiwa kwa ubunifu, lakini tani 15, kwa kipimo cha njia ya misafara, ni mizigo 600 ya kilo 25, na 600 hizo zingehitaji mabega 600 siku ya kwanza tu baada ya kutua.

Jeshi la Kongo ya Wabelgiji, lililoitwa Force Publique na kuongozwa na Jenerali Charles Tombeur, liliingia kwa vikosi viwili vikubwa, kimoja chini ya Philippe Molitor kilichopita Kigali, na kingine chini ya Frederik-Valdemar Olsen, ofisa mwenye asili ya Denmark, kilichopita Usumbura na Kitega na kuteka Kigoma mwishoni mwa Julai 1916. Mizigo yake ya tiba iliyotoka Ulaya kwa njia ya Kongo ilipakiwa na kupakuliwa mara nyingi, kutoka meli ya baharini hadi reli, kutoka reli hadi boti za mto, kisha reli ya Kabalo hadi Ziwa Tanganyika iliyomalizika mwaka 1915, ndipo ivushwe ziwa. Inakadiriwa kwamba jeshi hilo lilitumia wapagazi wapatao 260,000 katika kampeni yote.

Mapigano ya mwisho yalikuwa Usoke, Lulanguru na Itaga katika wiki za kwanza za Septemba. Stesheni ya Lulanguru ipo bado upande wa magharibi wa Tabora, na msafiri wa treni ya Kigoma huipita kabla hajamaliza kupanga mizigo yake. Hapo machela ndiyo iliyokuwa kifaa kikuu cha tiba. Machela ni kitambaa au wavu uliofungwa kwenye mti mrefu, ambamo majeruhi hulazwa na kubebwa kama mzegazega, yaani mzigo unaoning'inia kwenye mti kati ya wachukuzi. Kwa safari ndefu watu wanne walibeba na wanne wengine wakafuata kuwapokea. Majeruhi mmoja alihitaji basi watu wanane, na majeruhi 50 walihitaji 400, idadi ambayo jeshi lililokuwa likirudi nyuma kwa haraka halikuweza kuitoa bila kuacha risasi zake. Kurt Wahle, jenerali aliyeamuru majeshi ya Wajerumani ya magharibi, alipoondoka Tabora kuelekea Sikonge na kusini-mashariki, aliuachia mji pamoja na watu ambao hakuweza kuwachukua, na Wabelgiji waliingia tarehe 19 Septemba. Mkataba wa Geneva wa 1906, uliowalinda majeruhi na wahudumu wao, uliufanya uamuzi huo kuwa wa kibinadamu. Hesabu ya machela iliufanya kuwa wa lazima. Lettow-Vorbeck mwenyewe alifanya vivyo hivyo mwezi Novemba 1917, alipowaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi upande wa kusini-mashariki na kuvuka Ruvuma na wale tu ambao kwinini na chakula vingewatosha.

Katika mpangilio huu wote mtu aliyeibeba hospitali ndiye aliyekuwa wa mwisho kutibiwa nayo. Mpagazi hakuwa askari, hakuvaa viatu, mara nyingi hakupewa blanketi la kutosha wala chakula alichokizoea, na alipougua kuhara damu au kichomi alipelekwa katika hospitali za wachukuzi ambazo zilikuwa na madaktari wachache kuliko zile za askari. Upande wa Waingereza peke yao idadi ya wachukuzi waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 95,000, wengi kwa maradhi, na mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita hivyo, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Si rahisi kukubaliana na waandishi wanaozisifu dawa za Amani kwa kurasa nyingi na kuwaacha watu hawa katika jedwali la mwishoni.

Kutoka Tabora hadi Kigoma nchi huteremka taratibu kupitia Urambo, iliyokuwa makao ya Mtemi Mirambo, na Uvinza, penye chumvi iliyotafutwa tangu kale, hadi ziwani. Mwezi Septemba nyasi zote zimekauka, na swali la maji hujitokeza lenyewe. Viwango vinavyotumika sasa duniani hutaka lita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila mgonjwa aliyelazwa na lita 100 kwa kila upasuaji, maana yake ni kwamba hospitali ya vitanda 50 huhitaji wastani wa lita 2,500 kabla daktari hajashika kisu, na lita hizo ni madebe 125. Hakuna msafara wa zamani ulioweza kuchukua maji hayo. Waliyachota penye visima, wakayachemsha kuni zilipopatikana, na walipokuta visima vimekwisha kunywewa na kikosi kilichotangulia, vidonda vilioshwa kwa kilichokuwapo.

Hospitali za kijeshi za siku hizi hupangwa kwa madaraja. Katika taratibu za Umoja wa Mataifa, daraja la kwanza ni zahanati ya kikosi yenye vitanda 5. La pili hufanya upasuaji 3 hadi 4 kwa siku na huwa na vitanda 10 hadi 20. La tatu huweza upasuaji 10 kwa siku na kulaza wagonjwa 50. Na daraja la kwanza na la pili hutakiwa kuwa na akiba ya dawa ya siku 60. Vyote hivyo, pamoja na jenereta, jokofu la damu na mashine ya picha za mionzi, huwekwa katika makontena, na kontena moja lenye tani 20 ni sawa na mizigo 800 ya mpagazi. Kigoma, bandari ya mizigo mingi iendayo Kongo, hushuhudia makontena ya kila namna yakivuka ziwa ambalo bado lina meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916 na kuibuliwa baada ya vita.

Ng'ambo ya ziwa hilo, kaskazini zaidi, huko Kongo, Tanzania imeshiriki tangu mwaka 2013 katika brigedi ya Umoja wa Mataifa ya kuingilia kati, ambayo kamanda wake wa kwanza alikuwa James Mwakibolwa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kanuni inayofuatwa huko hudai kwamba majeruhi apate huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, tiba ya kuokoa maisha ndani ya saa 1 na upasuaji ndani ya saa 2. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Watanzania iliyokuwa Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa kwa saa nyingi, wakafa walinda amani wasiopungua 14 na kujeruhiwa zaidi ya 40, huku kikosi cha kuwasaidia kikishambuliwa njiani. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulisema kwamba haukuwapo mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwaondoa, na miongoni mwa vikwazo vikubwa ukataja upungufu wa vyombo vya anga, wahandisi na taarifa za kijasusi.